Akiba ya mashujaa: maana yake kwa anayeongoza timu

"Yaya, balimufunga tena!" Mdogo wangu ameruka kitini, kompyuta inawaka mezani, hapa kwetu Kamalondo, Lubumbashi. Anacheza Teamfight Manager, mchezo uliotoka 2021 ambamo huongozi kwa mkono wako shujaa yeyote, yaani mhusika anayepigana uwanjani. Wewe ni kocha: unasajili wachezaji, unawafanyisha mazoezi, na siku ya mechi unafungia mashujaa wa wapinzani, yaani unazuia wasitumike, na kuchagua wako. Mapambano yakianza, unatazama tu. Timu yake ilikuwa na kijana mmoja hatari sana akipewa mpiga mishale, na wapinzani walikuwa wamemfungia mpiga mishale huyo kwa mara ya tatu mfululizo.

Nikamuuliza: "Ulimufundisha nani mwingine?" Akanyamaza.

Alichokikosa ni akiba ya mashujaa. Maana yake ni mashujaa wote ambao mchezaji anaweza kuwatumia vizuri mbele ya mpinzani wa kweli. Aliowajaribu mara moja hawahesabiwi, wala wale anaowajua kwa majina tu. Katika mchezo huu kila mchezaji ana kiwango chake cha kushambulia na cha kujilinda, na juu ya hapo ana uzoefu wake kwa kila shujaa. Mpe asiyemzoea, na utaona nyota wako anaanguka mapema kama mgeni.

Sisi tumekulia kwenye mpira, basi nichukue mfano wa huko. Mazembe na Lupopo wakikutana, kocha anaweza kumwekea winga hatari mabeki wawili. Hawezi kumwendea mwamuzi na kumwambia kwamba leo winga yule asitumie mguu wa kushoto. Katika michezo hii anaweza, na sheria inamruhusu. Ndiyo maana kipaji kikubwa chenye mlango mmoja kinafungwa kabla mechi haijaanza.

Angalia mashindano yenyewe ambayo michezo ya kocha inayaiga. Katika League of Legends, mchezo wa kompyuta wa wachezaji watano kwa watano, kila timu hufungia mashujaa 5, jumla 10, na mchezo una zaidi ya 160. Kumi ni wachache, utasema. Lakini hakuna anayefungia ovyo. Wakijua kiungo wako anatumia wawili tu, watawafungia hao wawili, naye atakuwa ametoka mechini huku bado amekaa kwenye kiti chake. Tangu 2025 ligi kubwa za mchezo huo zimeongeza ugumu: shujaa aliyekwisha kutumika katika mfululizo wa mechi za timu mbili harudi tena. Kila mechi inakula 10, kwa hiyo mfululizo ukifika mechi ya tano, 40 wameshaondoka hata kabla ya kufungia. Kwa maoni yangu hiyo ni sheria nzuri kuliko zote zilizowahi kuletwa, kwa sababu inamlipa aliyejifunza.

Ugumu wa kocha uko kwenye mazoezi. Muda ni mdogo. Ukiutumia wote kwa shujaa mmoja, unapata bingwa anayefungika. Ukiugawa kwa wanane, unapata mtu anayejua kila kitu nusunusu. Mimi napendelea watatu kwa kila mchezaji, na wasifanane: mmoja wa kupiga kwa mbali, mmoja wa kuingia katikati, mmoja wa kuwakinga wenzake. Wapiga mishale watatu bado ni mlango mmoja.

Halafu kuna mabadiliko ya nguvu. Mchezo hupunguza makali ya shujaa huyu na kumwongezea yule, na uzoefu uliojengwa kwa miezi unapoteza thamani ghafla. Mwenye akiba anahamia kwa mwingine.

Mdogo wangu alitumia msimu uliofuata kumfundisha kijana wake kutumia mashujaa wengine wawili, mtawa na mpiganaji wa upanga. Alipoteza mechi mbili za mwanzo, na iliniuma kumwona akivumilia. Mechi ya tatu wapinzani walimfungia tena mpiga mishale, kama kawaida yao. Safari hii hakuruka. Alisogeza kipanya taratibu hadi kwa mtawa, akabonyeza, akaniambia bila kugeuka: "Yaya, kuja uangalie."