Red House: nyumba iliyochorwa kuanzia ndani

Red House iko Bexleyheath, eneo ambalo leo ni London lakini zamani lilikuwa Kent. Msanifu majengo Philip Webb aliichora mwaka 1859 kwa ajili ya rafiki yake William Morris, msanii wa mapambo na mshairi, aliyekuwa amemwoa Jane Burden mwaka huohuo.

Nyumba nyingi za wenye uwezo wakati ule zilipigwa lipu nje zifanane na mawe, na madirisha yalipangwa kwa ulinganifu hata vyumba vikikosa mwanga. Webb aliyaacha matofali mekundu wazi, akapandisha paa la vigae kwa mwinuko mkali, na kila dirisha akaliweka pale chumba kinapolihitaji. Ramani yake ni ya herufi L, na kisima kimekaa bustanini, ndani ya pembe ya herufi hiyo. Kosa lake lipo: vyumba vikuu vinatazama kaskazini, na Uingereza jua hupita upande wa kusini, hivyo wakati wa baridi vilikuwa vya kutetemesha. Morris aliihama mwaka 1865.

Tazameni dari kwa karibu. Plasta ikiwa bado mbichi, ruwaza zilitobolewa kwa vitundu vidogo vilivyofuatana, ndipo mpakaji rangi akavifuata. Rangi ikififia, vitundu hubaki, na mstari uleule unaweza kupakwa upya. Samani nazo zilibuniwa na kupambwa na Morris na marafiki zake, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni yao ya samani na mapambo mwaka 1861. Mwaka 2013, nyuma ya kabati na karatasi za ukutani katika chumba cha kulala, ulifunuliwa mchoro wa watu wa kitabu cha Mwanzo.

Adui mkubwa wa kuta za aina hii ni saruji inayozibwa kati ya matofali. Haipitishi unyevu kama chokaa, kwa hiyo maji hutoka kupitia tofali lenyewe; yakiganda hutanuka na kubandua uso wake. Mafundi wa majengo ya kale wa Zanzibar wanajua madhara ya saruji kwenye kuta za chokaa. Kwa kuziba upya viungo, yaani nafasi kati ya matofali, kwangua kwa patasi, usitumie grinda, hadi kina mara mbili ya upana wa kiungo. Lowesha, kisha jaza kwa chokaa sehemu 1 na mchanga sehemu 3. Usifanye kazi hiyo halijoto ikiwa chini ya nyuzi 5.

Red House imeorodheshwa kati ya majengo ya urithi yanayolindwa, Daraja la I, la juu kabisa Uingereza, na ulinzi huo unagusa ndani na nje. Kubadilisha kinachoathiri hadhi yake bila kibali ni kosa la jinai.