Mtoto Ana Homa: Kabla Hujakimbilia Duka la Dawa

Niko zahanati moja Mbagala. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa karibu kila siku.

Mtoto anachemka. Nianze na mseto, dawa ya malaria, huku najipanga kwenda hospitali?

Hapana. Mpime kwanza. Tone moja la damu, na ndani ya nusu saa unajua kama ni malaria.

Lakini Dar nani asiyejua kuna malaria?

Ipo, ila homa si jina lake jingine. Watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar na Ifakara, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Wenye malaria walikuwa kama 10 katika kila 100. Zaidi ya 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na homa nyingi zilitokana na virusi, ambavyo havitibiki kwa mseto wala kwa antibayotiki. Na ile taifodi ambayo siku hizi kila mtu mjini anayo? Hawakufika wanne katika 100.

Nilimpa vidonge vichache akapata nafuu, vingine nikaweka akiba. Kosa liko wapi?

Juzi mama mmoja alinitolea mezani karatasi ya mseto iliyokatwa kwa mkasi, vidonge viwili vimebaki. "Ni za dada yake, Dokta, za mwezi uliopita." Mtoto ana miaka mitatu, siku ya nne ya homa. Kipimo: hana malaria. Nikamfunua kifua, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Nimonia. Siku nne zimekwenda na vidonge vya dada mtu, na dada mwenyewe hakumaliza dozi yake.

Dozi ya mseto ni mara sita kwa siku tatu: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Kule Kagera tayari wamepatikana wagonjwa wenye vimelea vya malaria vilivyobadilika, vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, dawa iliyo ndani ya mseto. Mseto bado unatibu. Tukiuchezea tutabaki na nini?

Kipimo kinasema hana malaria. Nimpe tu kwa usalama?

Hapana. Mpime, na ukishapima, yaamini majibu. Homa ikiendelea siku mbili, mrudishe.

Ni kweli mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa?

Si kweli. Narudia: si kweli. Mnaosema mliona, mliona mtoto aliyefukizwa kwanza kinyesi cha tembo, akapelekwa kwa mganga, akaletwa kwetu kesho yake akiwa hajitambui. Sindano ilimkuta anakufa, ikabebeshwa lawama. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mlete. Degedege ikikoma njiani, usigeuze. Mlete.

Na ikiwa ni usiku wa manane? Nisubiri kukuche?

Usisubiri. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akipumua kwa shida au akipata degedege, ita bodaboda muda huo huo. Njoo na karatasi za dawa zote ulizompa, hata ile uliyoikata. Nitakugombeza, lakini mtoto akishawekewa dripu.