Je, kunyonga wauaji hupunguza mauaji?

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: nchi zinazonyonga zina amani, zilizofuta kitanzi zimejaa mauaji. Si kweli.

Kanada ilifuta adhabu ya kifo kwa wauaji mwaka 1976. Mwaka uliotangulia, mauaji yalikuwa takriban 3 kwa kila watu 100,000. Kufikia 2003 yalikuwa chini ya 2. Hii haithibitishi kwamba kufuta kitanzi ndiko kulikoyapunguza, maana katika miaka 27 mengi hubadilika. Lakini janga lililohofiwa halikutokea.

Wengi huchanganywa na mfano wa Singapore, inayonyonga na yenye mauaji machache. Hong Kong haijanyonga mtu tangu 1966, na mauaji huko ni machache vilevile. Tafiti nyingi zaonyesha kwamba kinachomzuia mhalifu zaidi ni uhakika wa kukamatwa, si ukali wa hukumu.

Uchungu wa waliofiwa ni mzito, nami siupuuzi. Ila ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Tafuta kwanza kiwango cha mauaji kwa kila watu 100,000, miaka kumi kabla na baada ya sheria kubadilishwa, ukilinganishe na cha nchi jirani.