Kusikiliza si kusikilizana

Juzi kijiweni Mikindani, mjomba wangu mmoja alishusha kikombe cha kahawa akatangaza kwamba Wazungu "wanawasiliana na viumbe wa angani". Ni mara ya tatu msimu huu wa korosho naisikia sentensi hiyo, ya kwanza ikiwa redioni, na kila mara watu hutikisa vichwa kukubali.

Kinachosemwa hapo ni SETI (haina undugu na seti ya vikombe), yaani utafutaji wa akili nje ya Dunia. Wanaastronomia huelekeza madishi makubwa kwenye nyota, wakachunguza kama limo wimbi la redio ambalo nyota au gesi haiwezi kulitoa yenyewe, ila mtambo. Basi. Hao "viumbe wa angani" nao ni msemo wa ovyo. Kunguru pia ni kiumbe wa angani.

Tabu yangu ni hiyo -ana iliyo mwishoni mwa "wanawasiliana". Kuwasili ni kufika, neno lililotujia na Kiarabu, tukalivisha viambishi vyetu wenyewe. Ukiwasilisha, unafikisha. Mkiwasiliana, lako linafika kwake na lake linafika kwako. Kiambishi hicho hakimkubali mtu mmoja: anayempenda binti wa jirani kimyakimya hawezi kusema wanapendana. Mwaka 1960, huko Green Bank, Marekani, mwanaastronomia Frank Drake alielekeza dishi kwenye nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akasikiliza. Hakusikilizana na mtu. Mwaka 1977 darubini ya redio ya Big Ear, Ohio, ilinasa wimbi la ajabu kwa sekunde 72, halikusikika tena. Hata hilo, litokako kokote, lilisikika tu.

Kutuma ni kazi nyingine, ina watu wake na ugomvi wake. Mwaka 1974 ujumbe ulirushwa kutoka Arecibo, Puerto Rico, kuelekea kundi la nyota liitwalo M13. Safari yake ni miaka kama 25,000. Hiyo ni hodi. Mtu akipiga hodi kwenye nyumba ambayo hajui kama ina mwenyewe, hatusemi wamejuliana hali. Na SETI haijafika hata kwenye hodi. Imeweka sikio ukutani.

Sikio lenyewe si la Wazungu peke yao. MeerKAT, madishi 64 ya Karoo, Afrika Kusini, yanatumika kwa kazi hii, na China ina dishi lake la mita 500. Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, imo kati ya nchi za Afrika zilizoshirikishwa katika SKA, mradi mkubwa wa darubini za redio, ingawa huo una kazi nyingi zaidi ya hii. Tangu 1989 yapo hata makubaliano ya wanasayansi wa mataifa mbalimbali: ishara ikithibitika, asijibu mtu mpaka mataifa yashauriane. Kusikia kwanza, kikao baadaye. Ndiyo mila ya huku kwetu pia, barua ya posa haijibiwi na mtu mmoja.

Nikamwambia, "Mjomba, kuwasiliana bado."

"Kwa hiyo hawajajibiwa?"

"Wengi wao hata kuita hawajaita."

Akamimina kahawa nyingine. "Basi wanatega sikio."

Wanatega sikio, mjomba. Hapo umesema sawasawa.