"Halina doa hata moja": kauli inayoharibu mashela kuliko mvinyo

Mashela ya harusi za Desemba huletwa kwa dobi mwezi Juni, na maneno huwa yaleyale: "Nililiweka kabatini likiwa jeupe, halina doa hata moja. Sasa ona." Likifunuliwa mezani, kifuani kuna matone yenye rangi ya chai, kwapani pamekuwa njano, na mbele ya sketi kuna mchirizi wa kahawia hadi gotini. Lawama zinagawiwa papo hapo: kabati, masika, dada wa kazi, satini ya Kariakoo. Hakuna aliyemwaga chai kabatini. Doa lilitoka nalo ukumbini usiku uleule, ila lilikuwa halijapata rangi.

Basi tuanze na hiyo, na tukae nayo, maana kati ya dhana potofu kuhusu mashela ndiyo inayochosha kuliko zote: kwamba shela lisiloonekana doa ni shela safi.

Fikiria tu lilikopita kwa siku moja. Asubuhi saluni, marashi na spreya ya nywele. Mchana kanisani, jasho. Kisha picha kwenye bustani au kando ya Ziwa Duluti, mkia ukiburuzwa majanini. Jioni shampeni inatikiswa na kurushwa, keki inalishwa, ndafu (mbuzi mzima wa kuchomwa) inakatwa, na watu mia tatu wanakuja kukumbatia wakiwa na poda usoni na mafuta ya nyama vidoleni. Halafu mtu anasema halina doa.

Soda nyeupe, shampeni, mvinyo mweupe na juisi ya nanasi vikikauka juu ya kitambaa cheupe havionekani. Maji yamepaa, sukari imebaki ndani ya nyuzi. Hiyo sukari, ikikaa na hewa na joto, inageuka polepole: kwanza krimu, halafu njano, halafu kahawia. Ni kama sukari unayoiunguza kwenye sufuria, tofauti ni kwamba ya jikoni huchukua dakika na ya kabatini huchukua miezi. Mji wa Moshi una joto kuliko Arusha, kwa hiyo huko doa huwahi. Chumba kilicho chini ya bati bila dari huwahi kuliko vyote.

Jasho lina chumvi na mafuta ya mwili, na likichanganyika na dawa ya kwapa yenye chumvi za alumini linaacha ugumu na unjano ambao ukikomaa hautoki wote. Kwenye hariri ni mbaya zaidi, kwa sababu jasho hula nyuzi zenyewe. Unashangaa kwapa linachanika ukiligusa tu. Mafuta ya ndafu nayo hayaonekani kwenye lesi siku ya kwanza. Hewa ikishayafanyia kazi yanakuwa njano, yananata, na yanashika vumbi.

Doa la namna hii hutafutwa kwa vidole kabla ya macho. Osha mikono, ikaushe, kisha pitisha vidole taratibu kifuani, tumboni na mbele ya sketi hadi magotini. Palipomwagikiwa soda pana ugumu kidogo, kama kitambaa kilichotiwa wanga. Kisha zima taa za chumba na umulike kwa ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia madukani. Kitambaa cheupe cha kiwandani kitang'aa kibuluu. Madoa mengi ya jasho na vinywaji yatajitokeza kama vivuli vya njano au vyeusi. Si kila doa litaonekana, ila wengi wanaojaribu hawarudii tena kusema "hata moja". Ukipata mahali, usichore kwa kalamu wala kubandika gundi ya karatasi. Shona mshono mmoja mlegevu wa uzi mweupe kuzunguka doa, na umwambie dobi ni nini kilimwagika. "Sijui, kinywaji tu" haimsaidii. Soda, mvinyo mwekundu na mbege, yaani pombe ya ndizi, vina njia tatu tofauti.

Upande wa pili wa dhana hiyohiyo ni huu: "Sawa, nitalipeleka drai klina, mashine itatoa kila kitu." Haitatoa. Mashine ya drai klina haitumii maji. Inatumia kimiminika cha kuyeyusha mafuta, mara nyingi perkloroethilini, na kimiminika hicho hakiyeyushi sukari. Mafuta ya ndafu na fondesheni vitaondoka. Shampeni itabaki palepale. Baada ya hapo shela linapigwa mvuke na pasi, na joto hilo linaiharakisha sukari. Linatoka jeupe, linanukia usafi, mteja anafurahi. Miezi sita baadaye madoa yametoka kahawia, na sasa mkosaji ni "kemikali zao". Madoa ya sukari hutolewa kwa maji, kwa mkono, doa kwa doa, kabla shela halijaingia kwenye mashine. Kwa hiyo ukifika kaunta uliza swali moja: sukari mnaitoaje, na lini? Wakijibu "mashine inatoa", chukua shela lako uende kwingine.

Muda: ndani ya wiki mbili baada ya harusi. Mwezi mmoja bado unavumilika. Kwenda fungate na kurudi si tatizo. Tatizo ni "tutalipeleka tukishamaliza madeni ya ukumbi".

Sasa hizi dhana potofu nyingine, kwa haraka.

Kwamba shela haliguswi na maji kabisa. Mengi ya mashela yanayovaliwa hapa ni polyesta: satini ya polyesta, neti, organza, lesi ya kiwandani. Polyesta haina shida na maji. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono na uuchome juu ya sinki. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi, ni polyesta au ndugu yake. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika, ni hariri, na hapo usijaribu nyumbani. Tena yapo mashela ambayo maji ni salama kwayo kuliko drai klina: yale yenye mawe yaliyobandikwa kwa gundi na shanga za plastiki nyepesi. Kimiminika cha drai klina hulegeza gundi, na baadhi ya shanga hulainika na kuanza kunata. Yanaingia na mawe, yanatoka na vishimo. Dobi makini hujaribu kwanza shanga moja ya ndani ya pindo.

Kwa polyesta isiyo na rangi nyingine, jaza beseni la kuogea maji ya vuguvugu, nyuzijoto 30 hivi, tia sabuni ya maji isiyo na rangi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 10. Tandika shuka safi chini kwanza, weka shela juu yake, liache dakika 30 ukilibonyeza taratibu bila kusugua wala kukamua. Suuza mara 3 au 4 hadi povu liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo hugeuka njano. Kulitoa ndiko kunakoharibu: shela lililolowa ni zito mno, ukilinyanyua kwa mabega mishono inaachia. Nyanyua lile shuka kwa pembe nne, watu wawili. Likaushwe limelala, kivulini, juu ya taulo zinazobadilishwa. Jua la saa sita huwa halihurumii vikombe vya sponji vya kifuani.

Hivyo vikombe, kwa njia, vitolewe kama shela linahifadhiwa. Sponji hugeuka njano yenyewe, hukatika kuwa unga, na huchafua bitana. Kushona vingine ni kazi ya nusu saa.

Kwamba jiki hurudisha weupe. Hapana, hapana, hapana. Kwenye hariri jiki hula uzi, na kabla ya kuula inaufanya njano. Nailoni inakuwa njano. Mpira wa ndani ya kitambaa kinachovutika unakatika. Polyesta yenyewe huvumilia, lakini shela halikuundwa kwa polyesta peke yake, na ile dawa ya kiwandani inayofanya kitambaa king'ae cheupe inaweza kuharibika, ubaki na weupe uliokufa. Ukichanganya jiki na siki ili "ifanye kazi vizuri" unatengeneza gesi ya klorini bafuni kwako. Kwa polyesta au pamba iliyogeuka njano kuna poda za kung'arisha za oksijeni, zile zisizo na klorini: maji ya nyuzijoto 40, saa 4 hadi 8, kisha suuza sana. Bluu ya kufulia nayo iache kwenye mashuka ya hoteli; kwenye tabaka nane za neti haijawahi kuenea sawasawa.

Kwamba tope la pindoni lifutwe palepale. Udongo wa miteremko ya Kilimanjaro una rangi ya chuma kilichooksidika, na chembe zake ni ndogo sana. Ukiupangusa na kitambaa chenye unyevu nje ya kanisa unausukuma ndani ya nyuzi. Uache ukauke kabisa. Kung'uta, pitisha brashi laini kutoka juu kwenda chini, vuta vumbi kwa mashine ya kufyonza huku umeweka kipande cha neti mdomoni mwake, ndipo maji na sabuni vifuate. Drai klina haitoi tope. Hata ukifanya yote sawa, sentimita chache za mwisho zinaweza kubaki na kivuli, na anayekuahidi vinginevyo kabla ya kuliona anauza maneno.

Kwamba sabuni ya mche inatoa kila kitu, hata mbege. Mbege ina ndizi, ulezi na magome ya msesewe, na katika hivyo mna tanini, kama ilivyo kwenye chai na mvinyo mwekundu. Sabuni ya mche hulikaza doa la tanini. Anza na maji baridi, kisha siki nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 4, ukigusagusa kwa pamba toka pembeni kuelekea katikati, halafu sabuni ya maji. Jaribu kwanza ndani ya mshono. Na chumvi juu ya mvinyo mwekundu? Inanyonya majimaji, rangi inabaki. Tumia tishu.

Kwamba mfuko wa plastiki wa drai klina ni wa kuhifadhia. Ule ni wa kulibebea hadi nyumbani, ukifika uvue. Masika yakiingia, unyevu unanaswa ndani na ukungu unaanza vidoti vyeusi ambavyo kwenye hariri havitoki. Kulifyonza hewa na kulibana liwe kama mto ni mbaya vilevile: mikunjo inakuwa ya kudumu na shanga zinakata neti.

Kwamba lining'inizwe. Shela lenye shanga likining'inia mwaka mzima linajivuta kwa uzito wake. Mabega yanarefuka, neti inaachia kiunoni. Hanga ya waya inaongeza kutu. Lilazwe. Toa pini zote, hata ile moja ya mtunza maharusi iliyosahaulika nyuma ya mkanda. Sanduku la karatasi isiyo na asidi ndilo bora. Likikosekana, boksi gumu jipya lililotandikwa kitambaa cha pamba cha marekani kilichofuliwa mara mbili bila wanga, bluu wala dawa ya kulainisha nguo. Kila mkunjo uwekee mviringo wa kitambaa hichohicho ndani, usikunjike kwa ncha. Gazeti hapana, karatasi za rangi za zawadi hapana. Veli ikae juu, viatu na maua yaliyokaushwa visiingie humo kabisa. Boksi likae chumba cha kulala, chini ya kitanda ila juu ya ubao. Darini chini ya bati ni tanuri.

Kwamba naftalini ni lazima. Nondo hawali polyesta. Wanaokuja kwenye shela ni mende na panya, na wanakuja kwa ajili ya keki na sukari ambayo uliniambia haipo. Naftalini inaacha harufu ya miaka, na baadhi ya shanga za plastiki hulainika nayo.

Kwamba boksi likishafungwa lisifunguliwe. Lifunguliwe mara moja kwa mwaka, Januari au Februari hewa ikiwa kavu, si Aprili. Mikono misafi na mikavu inatosha, glovu nyeupe si lazima. Litandaze juu ya shuka kwa saa moja mbali na dirisha, angalia kwapa, kifua na mbele ya sketi, kisha likunje kwa mistari mingine tofauti na ya mwaka jana. Ukiona kidoti cha njano kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele, lete wiki hiyohiyo. Kikiwa krimu bado kinatoka kwa maji.