Mwanga: Wimbi, Chembe, na Tunapokosea

Mvua ikikatika jijini Nairobi, pita Kirinyaga Road uangalie madimbwi yaliyo mbele ya gereji. Oili iliyomwagika inatandaza rangi za upinde juu ya maji. Mwanga mwingine unarudi kutoka juu ya oili, mwingine kutoka chini yake, na mawimbi hayo yakikutana, rangi moja inapata nguvu, nyingine inafifia. Tembea kidogo hadi Luthuli Avenue, kwenye paneli za sola, ukute mwanga ule ule ukifanya kazi kama chembe: fotoni, yaani chembe za mwanga, zinang'oa elektroni ndani ya silikoni. Sura hizi mbili zimezaa dhana potofu nyingi; hizi ni nne.

Dhana: mwanga hubadilika, mara wimbi, mara chembe.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana hata walimu wazuri huisema. Mwaka 1909, huko Uingereza, mwanafizikia G. I. Taylor alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu mno, picha moja ikichukua takriban miezi mitatu. Mistari ya mwanga na giza, ambayo ni alama ya wimbi, ikatokea vilevile, kama ya mwanga mkali. Leo tunaweza kuzinasa fotoni moja moja. Zipitishe kwenye mipasuo miwili myembamba, na kwenye kioo cha kunasia utaona nukta hapa, nyingine kule, kama manyunyu ya kwanza kwenye vumbi la uani. Zikifika mia, bado ni vurugu. Zikifika maelfu, mistari inajichora: mahali zimejaa, mahali hakuna kitu. Kila nukta imetua kwa mkupuo mmoja kama chembe, lakini pa kutua pamepangwa na wimbi. Hakuna kilichobadilika njiani; ni kitu kimoja, na lugha yetu ya mawe na maji haijakitosha.

Dhana: fotoni husafiri ikijipinda kama nyoka.

La. Ule mstari wa kupindapinda wa vitabuni unaonyesha nguvu ya uga wa umeme ikipanda na kushuka. Si njia ya fotoni.

Dhana: mwanga mkali una fotoni zenye nguvu zaidi.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, shika hili kabla ya mtihani. Ukali ni wingi wa fotoni; nguvu ya kila moja inatokana na rangi, yaani masafa ya wimbi: linatetema mara ngapi kwa sekunde. Mwanga mwekundu, hata uwe mkali vipi, hauwezi kung'oa elektroni kwenye bati la zinki. Miali ya urujuanimno, hata hafifu, inazing'oa. Einstein alilieleza jambo hili mwaka 1905, na ndilo lililotajwa alipopewa Tuzo ya Nobel ya 1921, wala si nadharia yake ya uhusianifu.

Dhana: mistari hutoweka kwa sababu mtu anatazama.

Ni kweli mistari ya ile mipasuo miwili hutoweka ukipima kila fotoni imepita mpasuo upi, lakini jicho la mtu halihusiki. Kifaa chochote kikishaacha alama ya mpasuo uliopitiwa, mistari inafutika, hata chumba kikiwa kitupu na mlango umefungwa.