Telekonveta si makro, na "tele" yake si ya wingi

Telekonveta ni kipande kifupi chenye vioo ndani, kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kukuza taswira kabla haijafika kwenye sensa, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ya 1.4x huifanya lenzi ya milimita 300 iwe kama ya 420, ya 2x huifikisha 600 (milimita zikizidi, kitu cha mbali huonekana kikubwa zaidi). Maana yenyewe haina zaidi ya hapo.

Kilichonichosha ni picha za vipepeo. Mtu anaonyesha kipepeo aliyeijaza fremu, halafu anaeleza kwamba alifunga telekonveta ya bei nafuu "ili lenzi isogee karibu, kama makro", yaani lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Hakuna kilichosogea.

Pengine jina ndilo linalotuponza. Sikio la Mswahili likisikia "tele" linakumbuka mvua tele na samaki tele, basi kifaa kinaonekana kama cha kuongeza kila kitu, ukaribu ukiwemo. Tele hii ni ya Kigiriki, maana yake mbali, ileile ya televisheni, telegramu na teleskopu. Konveta asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kugeuza. Kifaa chenyewe ni ndugu wa lenzi ya Barlow, iliyopewa jina la Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza, ambayo watazama nyota wamekuwa wakiitia kwenye darubini tangu karne ya 19. Ukoo wake basi ni wa kutazama mwezi. Makro nayo ni ya Kigiriki, yaani refu au kubwa (ajabu, kwa jina tunalowapa wadudu!), ila kwa wapiga picha ina kipimo chake: 1:1, kitu kichorwe kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi.

Sasa chukua lenzi ya milimita 300 ambayo hailengi (haitoi picha kali ya) kitu kilicho karibu zaidi ya mita 1.5, na kwa umbali huo inafikia robo ya ukubwa halisi. Kipepeo mwenye mabawa ya sentimita 4 atachukua milimita 10 za sensa yenye upana wa milimita 36. Funga telekonveta ya 2x: atachukua milimita 20. Lakini wewe bado uko mita 1.5. Ukipiga hatua moja mbele, lenzi inagoma kulenga kama ilivyogoma mwanzo. Kinachokuruhusu kusogea ni kifaa kingine kabisa, mrija mtupu usio na kioo unaoiweka lenzi mbali kidogo na sensa. Huo nao una adhabu yake: vitu vya mbali havilengeki tena mpaka uuvue.

Kwa kipepeo, kubaki mbali ndiyo faida yenyewe. Ukimkaribia sana, au kivuli chako kikimgusa, ameshaondoka.

Gharama yake ni mwanga. Ya 1.4x hula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ya 2x hula mbili, kwa hiyo lenzi ya f/4 inakuwa f/8 (namba ya f ikikua, mwanga unapungua), na kamera nyingi za zamani hapo hushindwa kulenga zenyewe. Mtikisiko wa mkono nao unakuzwa pamoja na kipepeo. Zile za bei ya chini huongeza ukungu kwenye pembe za picha na utepe wa zambarau kando ya bawa jeusi. Kufunga tundu la lenzi kidogo kunasaidia ukungu, ila mwanga unazidi kupungua. Vile vioo vya kuskurubu mbele ya lenzi, vinavyouzwa kwa jina hilihili, ni kitu kingine. Havili stopu, lakini vya bei rahisi huufuta ule unyoya wa bawa uliokuwa unaufuata.

Kwa hiyo ndugu yangu, picha yako ni nzuri. Ukiulizwa uliipigaje, sema ulikaa mita moja na nusu ukamkuza mara mbili.